Rejeksi yako iko sawa, aliyekula bakslashi (\) ni JSON

Wadau, siku mbili nimekaa hapa Mwanga, Kigoma nahangaika na rejeksi (regex, patani ya alama za kutafutia maandishi), naandika hii maana najua kuna mtu saa hii anafuta patani yake kwa mara ya kumi na wala haina kosa.

Ilikuwa hivi, mama mkubwa anauza dagaa kule Kibirizi, mauzo yake namwekea kwenye faili la teksti, nikataka plagini ya edita itie rangi kila penye kg, nikafungua faili la setingi la JSON (muundo wa kuandika data kwa maandishi) nikaandika "\bkg\b", maana kwa rejeksi \b ni mpaka wa neno. Eroo hamna. Rangi nayo hamna. Nikafuta plagini nikaiweka upya, bando linakatika tu, wapi.

Kumbe pale kuna wasomaji wawili. JSON ndo anasoma kwanza, anachobakiza ndo kinaifikia rejeksi. Na kwa JSON \b sio mpaka wa neno, ni bakispesi, kwahiyo plagini ilikuwa inatafuta herufi isiyoonekana ambayo kwenye faili langu haipo kabisa! Hii ndo inatesa kuliko zote kwasababu iko kimya, ungeandika "\d" (kwa rejeksi ni tarakimu) JSON ingegoma palepale maana haiitambui, ungejua pa kuanzia. Dawa ni "\\bkg\\b", JSON inakula moja, rejeksi inapata moja.

Rangi ikatokea. Mama mkubwa akachungulia, "Mwanangu, mbona hizi nyingine hazijawaka?" Nikacheki, zote zimeandikwa 25kg bila nafasi, na kwa rejeksi tarakimu ni sehemu ya neno, kati ya 5 na k hamna mpaka wowote. Nikaweka "\\d+(\\.\\d+)?\\s*kg\\b" (hiyo \\s* ni nafasi, iwepo isiwepo) zikawaka zote, hadi 25.5 kg. Hiyo nukta usiiache bila bakslashi, ikiwa peke yake inakubali herufi yoyote ile.

Kwahiyo kabla hujagusa plagini, jaribu patani kwenye kisanduku cha kutafuta cha edita ukiwa umewasha rejeksi, pale msomaji ni mmoja, bakslashi hazirudufiwi. Ikikubali pale na kwenye setingi ikagoma, mara nyingi shida ni kueskepu (kuweka bakslashi ya kulinda alama), rudufu bakslashi zako. Kama unatafuta bakslashi yenyewe, mfano njia za mafolda ya Windows, kwenye JSON unaandika nne, "\\\\". Kwenye Python weka r mbele ya stringi, r"\bkg\b", unaandika mojamoja tu. Ukitumia edita ya Vim angalia pia alama ya kujumlisha, kule mpaka uandike \+ ndo inamaanisha moja au zaidi.