Ziwa likichafuka, mkono usitoke kwenye moto

Wakuu, hii nawaandikia nyie mnaoendesha boti za faiba za kati, futi 22 mpaka 28 hivi, zile za kupeleka wageni hifadhi ya Gombe au kushuka kusini mpaka Kalya. Mitumbwi ya mbao ina wataalamu wake pale mwaloni Kibirizi na hawahitaji ushauri wangu.

Shida kubwa ya hapa Kigoma ni upepo wa kusini wa kiangazi, kuanzia mwezi wa tano mpaka wa tisa hivi. Ziwa letu la Tanganyika limelala kaskazini kusini, urefu zaidi ya kilomita 600, kwahiyo upepo ukitokea huko chini unasukuma maji njia nzima hamna cha kuuzuia, yakifika kwetu yameshavimba. Sasa ukitoka Kibirizi kwenda Gombe hayo mawimbi yako mgongoni, boti inateleza, abiria wanapiga picha, kila mtu anasema mbona kuko shwari. Kurudi ndio mnakutana uso kwa uso. Mimi ndio maana nikishatoka nje kidogo naigeuza boti nielekee kusini dakika chache nione inavyogonga, na ikigonga vibaya saa hizo za asubuhi narudi zangu, wageni wanune watakavyo.

Kwenye mawimbi ya mbele kazi yote iko kwenye mkono wa moto, ule wa kuongeza na kupunguza nguvu ya injini. Wengi wanaweka mwendo mmoja alafu wanang'ang'ania usukani kwa mikono miwili, boti inaruka kileleni inaanguka na tumbo, pwaa, na anayelipia ni mama aliyekaa mbele na mgongo wake. Wimbi likija ongeza kidogo pua ipande, ukikaribia kilele punguza, ishuke taratibu upande wa pili, ongeza tena, hivyo hivyo mpaka ufike, inachosha kweli. Ukisikia injini imelia ghafla kwa sauti nyembamba ujue pangaboi limetoka majini, umechelewa kupunguza. Wimbi usiliingie moja kwa moja, likate kwa pembeni kidogo, ila usipunguze moto mpaka boti ikakosa nguvu ya kugeuka, maana ikishakaa ubavu hapo inajaa.

Mawimbi ya nyuma ndio yanadanganya watu. Kaa mgongoni mwa wimbi lililo mbele yako uende nalo kwa mwendo wake. Ukilipita kilele unateremka kwa kasi, pua inachimba maji, nyuma inazunguka, na boti inalala. Ukienda polepole sana nalo la nyuma linakumwagikia kwenye injini. Kama una trimu, ile ya kuinamisha na kuinua injini, mawimbi ya mbele shusha pua, ya nyuma inua.

Alafu kuna hili la mafuta, mafundi wanalijua madereva wanalipuuza. Ziwa likitulia, maji na uchafu vinakaa chini ya tenki hata wiki nzima husikii shida. Boti ikianza kurushwa vinatibuka vyote vinaenda kwenye filta, injini inakohoa, inazima, tena inazima palepale kwenye mawimbi makubwa kwa sababu ndipo ilipotikiswa. Mafuta ya madumu ndio balaa kabisa. Kabla ya safari fungua bakuli la filta, mimina kwenye chupa ya plastiki inayoonyesha ndani, subiri kidogo. Maji yatakaa chini petroli juu, na mstari katikati utauona kwa macho. Ukiuona, hamna safari mpaka tenki lisafishwe. Kiasi nacho ni theluthi ya kwenda, theluthi ya kurudi na theluthi ya kutokugusa, kwa sababu kurudi na upepo usoni kunakula mafuta vibaya.

Injini ikizima usitegemee nanga. Ziwa hili kina chake kinafika mita 1,470, na huko upande wa Gombe ukiachana na ufukwe kidogo tu kamba haigusi chini. Funga ndoo kwenye kamba ndefu, kamba ifungwe puani, tupa majini, itaishikilia pua iangalie upepo wakati mnahangaika na injini.

Masika ni habari nyingine, dhoruba inashuka ghafla na mvua mpaka huoni mbele, hapo ukiona wingu jeusi tafuta ufukwe mapema.

Abiria washuke chini wakae katikati kuelekea nyuma, maboya yavaliwe kabla ya kuondoka, sio yakaliwe kama mito, na wewe ile kamba ya kuzimia injini ifunge mwilini. Boti ya futi 24 sio meli ya Liemba yenye mita 70 na kitu.

Na kuna yule bosi hakosekani, kalowa mpaka kwenye simu, anapiga kelele "dereva ongeza moto bwana, ndege itaniacha!" Mimi namjibu sawa bosi, na moto hauongezeki.