Maswali ya Wasomaji: Malori Yanapita, Nini Kinabaki?

SWALI: Malori ya shaba na kobalti kutoka Kolwezi yanapita hapa Lubumbashi kila siku kwenda Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Tunaambiwa biashara na dunia inakuza uchumi. Mbona sisi wa mtaa wa Katuba hatuuoni huo ukuaji? (Msomaji, Katuba)

JIBU: Ndugu msomaji, ukuaji unaotangazwa hupimwa mgodini. Tani zikiongezeka, pato la taifa linapanda, hata kama dola nyingi zinarudi nje kulipia mashine, mafuta na mikopo. Wewe angalia mrabaha, yaani fungu ambalo kampuni inailipa serikali kwa madini inayouza. Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inatoza shaba asilimia 3.5 ya thamani ya mauzo, kabla ya kutoa gharama. Kobalti, kwa kuwa ni madini ya kimkakati, inalipa asilimia 10.

Tupige hesabu ya mfano. Shaba ya dola 900,000 inatoa mrabaha wa dola 31,500. Serikali kuu inachukua nusu, 15,750. Jimbo robo, 7,875. Eneo la mgodi asilimia 15, yaani 4,725. Mfuko wa vizazi vijavyo 3,150. Sasa tazama: tangu Katanga igawanywe mwaka 2015, Kolwezi iko Lualaba. Kwa hiyo mzigo huo unaacha vumbi Lubumbashi, lakini fungu la jimbo na la eneo linabaki Lualaba. Wa kuulizwa hapa ni Haut-Katanga, jimbo letu la Lubumbashi, na maeneo yenye migodi yake, kwa migodi iliyo kwao tu.

Hasara nyingine imo ndani ya mifuko inayobebwa na malori hayo. Kobalti huondoka kama hidroksidi, yaani unga ambao haujasafishwa kikamilifu, yenye kobalti takriban asilimia 30 tu. Sehemu kubwa ya uzito unaolipiwa nauli hadi bandarini si kobalti. Kuisafisha iwe malighafi ya betri hufanyika zaidi China, na hapo ndipo thamani inapoongezeka. Kiwanda cha namna hiyo hapa kwetu kingehitaji kwanza umeme usiokatika.

Halafu kuna bei. Mwaka 2018 tani ya kobalti ilipita dola 90,000. Mwaka mmoja baadaye ilikuwa karibu 30,000. Bajeti iliyopangwa kwa bei ya juu huanguka nayo. Februari 2025 Kongo ilisimamisha kuuza kobalti nje, na Oktoba ikaweka kiwango maalum cha kuuza nje kwa kila mzalishaji. Tunaona ilikuwa sawa: nchi inayotoa zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia haina sababu ya kujishushia bei yenyewe.

SWALI: Na unga wa bukari (ugali), mbona unapanda bei Zambia ikifunga mpaka? (Mama wa mtaa wa Kenya, Lubumbashi)

JIBU: Mama, kwa sababu mahindi mengi tunayokula yanatoka huko. Ukame wa 2024 ulipowapiga, sisi tulilipa. Bei huwa kali kati ya Januari na Machi, kabla ya mavuno. Ukiweza, nunua nafaka, si unga, kuanzia Mei. Anika hadi punje ivunjike kwa mlio mkavu chini ya jino, kisha funga mifuko na uipange juu ya mbao, mbali na ukuta. Ikiwekwa mbichi itaota ukungu, na hapo usimpe hata kuku.