Hoteli imefungwa, mke hajui

SWALI: Shikamoo Shangazi. Nilikuwa mhudumu wa hoteli Malindi. Masika yameingia, Waitaliano wamerudi kwao, sisi tukapunguzwa. Sijamwambia mke, kila asubuhi napiga pasi shati jeupe, naenda kushinda ufukweni.

JIBU: Marahaba mwanangu. Mwambie leo, kabla hajaambiwa sokoni. (Malindi hii!) Je, umelipwa? Sheria ya Ajira ya 2007 inampa aliyepunguzwa angalau mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka aliomaliza. Dai pia cheti cha utumishi. Kiitaliano chako ni mtaji: nyumba za Waitaliano zilizofungwa huhitaji mwangalizi masika yote. Wakala akitaka pesa mbele akupeleke Ughaibuni, usimpe hata shilingi.