Umeuziwa "soda": ni soda ipi? Kutafuta kemikali mtandaoni kwa namba yake

Swali: Mtaalamu, habari za kazi. Natengeneza sabuni ya mche na sabuni ya maji hapa Morogoro. Malighafi nanunua za kupimiwa, na mfuko unaandikwa kwa kalamu neno moja tu: "soda". Safari hii nilipoitia kwenye salfoniki asidi, ile asidi ya kutengenezea sabuni ya maji, haikufura mapovu kama nilivyozoea, na ndoo ikapata moto sana. Nimeingia mtandaoni nikakuta soda za kila namna, na hata moja yao imeandikiwa viwango vya kuyeyuka zaidi ya kimoja. Niamini kipi? Na je, naweza kutia jiki kwenye sabuni ya maji ili niiuze kama ya chooni?

Jibu: Dada yangu, hiyo ndoo iweke kando kwanza, usiuze hata chupa moja. Soda ash, yaani sodiamu kaboneti, ikikutana na salfoniki asidi hutoa gesi ya kaboni dayoksaidi, na ndiyo inayofurisha povu. Mapovu yasipotoka na joto likapanda kwa kasi, kuna uwezekano mkubwa umepewa kostiki soda, ile kali ya sabuni ya mche (sodiamu haidroksaidi). Sabuni ya maji yenye kostiki iliyozidi inaunguza mikono ya mteja, na hakuna pafyumu itakayoficha hilo.

Sasa tuje kwenye utafutaji. Ukiandika "soda" utaletewa kostiki, soda ash, magadi na hata kinywaji. Tafuta kwa namba. Karibu kila kemikali inayouzwa ina namba yake ya CAS, inayotolewa na kitengo cha Jumuiya ya Kemia ya Marekani, nayo haibadiliki hata jina la biashara likibadilika. Kostiki soda ni 1310-73-2. Soda ash ni 497-19-8. Baikaboneti ya kuumulia maandazi ni 144-55-8. Huhitaji kujua Kiingereza cha maabara. Andika namba ilivyo, na vistari vyake, kwenye kisanduku cha kutafutia.

Namba hizi zina kinga ndani yake: tarakimu ya mwisho ni ya kuhakiki zile zilizotangulia. Chukua 1310-73-2. Weka kando ile 2 ya mwisho, kisha anzia kulia kwenda kushoto ukizidisha kwa 1, 2, 3 na kuendelea: 3×1, 7×2, 0×3, 1×4, 3×5, 1×6. Jumla ni 42, inaishia na 2, kwa hiyo namba iko sawa. Muuzaji akikutumia namba kwa ujumbe wa simu na hesabu isikubali, kuna tarakimu imekosewa, mrudishie akaisome tena. Hesabu ikikubali, bado haithibitishi kilichomo mfukoni. Inathibitisha tu kwamba namba imeandikwa vizuri.

Mwombe muuzaji akuoneshe kiroba chenyewe alichopimia, kipige picha. Namba ya CAS na kiwango cha usafi huwa vimechapwa pale, au kwenye karatasi ya usalama inayotoka kwa mtengenezaji. Asiyetaka kukionesha, mimi nisingenunua kwake. Wafanyabiashara wa kemikali nchini wanasimamiwa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali chini ya sheria ya kemikali za viwandani na majumbani ya 2003, kwa hiyo hujaomba upendeleo.

Ukishapata namba, fungua PubChem. Ni kanzidata ya bure ya taasisi za afya za serikali ya Marekani, ilianza 2004, na ina mamilioni ya kemikali. Ukurasa wa kostiki ni mrefu, usijaribu kuusoma wote. Vile viwango vya kuyeyuka vilivyokuchanganya, 318 na 323 kwa nyuzi za Selsiasi, vinatofautiana kwa sababu PubChem haipimi yenyewe: inakusanya kutoka vyanzo vingi na kuviweka pamoja, kila kimoja na jina la kilikotoka. Hakuna anayekudanganya. Na kwa mtengeneza sabuni namba hiyo haina kazi, maana hutayeyusha kostiki kavu kwa moto.

Nenda kwenye sehemu ya usalama na hatari. Kostiki utaikuta na msimbo wa onyo la hatari H314, yaani inaunguza ngozi vibaya na kuharibu macho, pamoja na H290, kwamba inakula metali. Soda ash utaikuta na H319, inawasha macho. Ukiziweka kurasa hizo mbili pamoja utaona kwa nini kubadilishiwa mfuko si jambo dogo.

Hiyo H290 nataka uisome kwa makini kuliko zote, kwa sababu majiko yetu yamejaa masufuria ya alumini. Kostiki iliyoyeyushwa inaila alumini na kutoa gesi ya haidrojeni, ambayo inawaka na inaweza kulipuka. Sufuria litachemka mapovu bila moto, litapata joto, na mwisho litatoboka huku kimiminika kikikumwagikia miguuni. Tumia ndoo ya plastiki ngumu au chombo cha chuma kisichopata kutu. Tia kostiki kwenye maji kidogo kidogo, kamwe usimimine maji juu ya kostiki. Vaa glavu na miwani ya kinga. Ikikurukia, osha kwa maji mengi yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi. Usipake ndimu wala siki. Ikiingia jichoni, osha hivyo hivyo na uende hospitali mara moja.

Kama PubChem inakuelemea, tafuta kadi za usalama wa kemikali za Shirika la Kazi Duniani na Shirika la Afya Duniani. Kila kadi ni fupi, na kwa karakana ndogo mimi nazipenda kuliko kanzidata zote. Ya kostiki ni namba 0360. Ichapishe uibandike ukutani.

Jambo moja linalowaponza wengi: kanzidata inaeleza kemikali iliyo safi, lakini wewe umenunua bidhaa. Soda ash yenye maji ndani ya fuwele zake ina namba yake, 6132-02-1, na katika kila kilo zaidi ya gramu 600 ni maji tu. Ukiipima kwa kipimo cha soda ash kavu, sabuni itabaki na asidi. Vivyo hivyo kostiki iliyoachwa wazi: inavuta unyevu na kaboni dayoksaidi ya hewani, ikapungua nguvu ingawa ukurasa wake mtandaoni haujabadilika. Kwa sles (ile malighafi ya kutoa povu) na pafyumu, ambazo ni michanganyiko, PubChem itakusaidia kidogo sana. Hapo shika karatasi ya usalama ya mtengenezaji, uangalie sehemu ya viambato.

Kuhusu jiki, jibu ni hapana. Andika 7681-52-9, usome kuhusu inavyoingiliana na kemikali nyingine: haipatani na asidi. Sabuni yako imeanza na salfoniki asidi, na ikibaki kidogo tu bila kuzimuliwa na soda, jiki itatoa gesi ya klorini inayochoma mapafu. Mteja wako ataivuta akiwa ameinama chooni, mlango umefungwa. Uza sabuni peke yake, na kwenye lebo andika wazi isichanganywe na jiki.