Hoja halali, hitimisho la uongo

Mtwara

Mwanangu,

Marahaba. Huku nyumbani hatujambo. Umeuliza inakuwaje mhadhiri aite hoja halali wakati darasa zima linaona hitimisho lake ni uongo. Inawezekana, kwa sababu uhalali haupimi ukweli wa kauli moja moja. Unadai hivi tu: kauli tangulizi zote, yaani zile zinazotolewa kama sababu, zikiwa kweli, hitimisho haliwezi kuwa uongo.

Tazama: miji yote ya pwani iko Mkoa wa Lindi, Mikindani ni mji wa pwani, kwa hiyo Mikindani iko Mkoa wa Lindi. Uongo mtupu, Mikindani ni ya Mtwara, lakini hoja ni halali. Kibovu ni kauli ya kwanza.

Sasa hii: miji yote ya Mkoa wa Mtwara iko Tanzania, Newala iko Tanzania, kwa hiyo Newala iko Mkoa wa Mtwara. Kila kauli ni kweli, na hoja ni batili. Toa Newala, weka Nachingwea: tangulizi zinabaki kweli, hitimisho linaanguka, maana Nachingwea ni ya Lindi. Kwenye mtihani fanya hivyohivyo. Acha umbo lilivyo, badilisha maneno mpaka upate mfano unaoivunja.

Kwa hoja za "ikiwa… basi", tumia jedwali la ukweli, yaani jedwali linaloorodhesha kila namna kauli zinavyoweza kuwa kweli au uongo. Mfano: ikiwa mkorosho una ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu (K), basi maua hukauka (M), maua yamekauka, kwa hiyo una ubwiriunga. Herufi mbili, mistari minne. Zikiwa tatu, minane. Chini ya K andika kweli, kweli, uongo, uongo. Chini ya M kweli, uongo, kweli, uongo. "Ikiwa K basi M" ni uongo kwenye mstari wa pili peke yake, K kweli na M uongo. Kisha tafuta mstari wenye tangulizi zote kweli na hitimisho uongo. Ni wa tatu: K uongo, M kweli. Umepata mmoja, hoja ni batili. Shambani mstari huo ni mbu wa mikorosho, mdudu ambaye naye hukausha maua bila ubwiriunga kuwepo, na salfa, dawa ya ubwiriunga, haimuui.

Wengi hupoteza alama kwenye "ikiwa tu". "Utafanya mtihani ikiwa tu umelipa ada" maana yake: ikiwa umefanya, basi umelipa. Haisemi kwamba kila aliyelipa atafanya. Na "au" ya mantiki inakubali vyote viwili, usiisome kama ile ya "chai au kahawa?"

Upande wa mantiki isiyo rasmi, yaani ya hoja za mazungumzo ya kawaida, usikariri majina ya makosa halafu ukaanza kuwabandika watu. Kwenye mkutano wa ushirika mtu akisema mzani umepunja, akajibiwa "wewe huna hata mkorosho mmoja", hapo ameshambuliwa mtu, mzani haujaguswa. Lakini kama anasema alishuhudia upimaji kwa macho yake, kuuliza kama siku hiyo alikuwepo ghalani ni swali la haki kabisa, kwa kuwa dai lenyewe linasimama juu ya ushahidi wake. Kwa hiyo kabla hujaandika jina la kosa, andika kwanza hitimisho linalopingwa ni lipi, halafu kama jibu linaligusa. Wasahihishaji hutoa alama kwa maelezo hayo kuliko kwa jina.

Baba yako