Usimwamini dalali kwa mdomo tu

Dada, dalali wa Bronx kukwambia "kodi ya hapa inadhibitiwa, usijali" (yaani mwenye nyumba hawezi kuipandisha apendavyo, sheria inamwekea kikomo) hakutoshi. New York, anza na jengo: mengi yenye udhibiti huo yalijengwa kabla ya 1974 na yana nyumba 6 au zaidi. Baadhi ya mapya yamo pia, kwa sababu wenye majengo walipewa nafuu ya ushuru. Ila jengo kuwemo si kwamba kila nyumba imo. Nyingi zilichomolewa kwenye udhibiti kabla ya sheria ya 2019 kubana mwanya huo.

Kwa hiyo kabla ya kusaini, dai kiambatisho cha mkataba kinachoonyesha kodi ya mpangaji aliyetangulia na jinsi yako ilivyopigiwa hesabu. Akianza kukuzungusha, ujue kuna jambo.

Ukishahamia, omba DHCR, idara ya nyumba ya jimbo, historia ya kodi ya nyumba yako. Ni bure. Tafuta mwaka kodi iliporuka ghafla. Hapo ndipo uchafu hufichwa.

Ada ya maombi isizidi dola 20, amana isizidi kodi ya mwezi mmoja. Anayetaka miezi sita mbele kama Dar, achana naye.