Leshan: sanamu ya Buddha itazamwe mtoni au ngazini?

SWALI: Ndugu Mhariri, mwezi Oktoba nitakuwa Chengdu, nchini China, kwa shughuli za kikazi, na nitapata siku moja ya mapumziko. Wenzangu wananihimiza niende Leshan kuiona sanamu kubwa ya Buddha. Je, siku moja yatosha? Na ni afadhali kupanda boti au kushuka ngazi?

JIBU: Yatosha, mradi uondoke mapema, kwani treni ya kasi huchukua takriban saa moja. Epuka tu wiki ya kwanza ya Oktoba, ambayo ni likizo ya taifa, la sivyo muda wako utaishia kwenye foleni ya ngazini.

Tungekushauri uanze na boti. Sanamu hiyo imechongwa katika jabali jekundu la mlima Lingyun, panapokutana mito ya Min, Dadu na Qingyi, nayo ilielekezwa mtoni kwa makusudi: mtawa Haitong aliianzisha mwaka 713 akitumaini kwamba Buddha angeyatuliza maji yaliyokuwa yakizamisha vyombo. Alifariki kazi ikiwa bado mbichi, na ikakamilishwa mwaka 803 chini ya gavana Wei Gao. Ukiwa mtoni utaiona yote, mita 71, pamoja na walinzi wawili waliochongwa ubavuni mwake, ambao aliyeko ngazini hawaoni.

Ngazi zina faida yake. Kabla ya kushuka, ukiwa usawa wa kichwa, itazame kwa makini misokoto ya nywele: kati ya safu zake, na vilevile nyuma ya masikio, mafundi walificha mifereji ya kutolea maji ya mvua, ambayo bila hiyo jiwe hilo laini lingekwisha kumomonyoka zamani. Chini utafika miguuni, ambako mafuriko ya Agosti 2020 yalivifikia vidole, jambo lililokuwa halijatokea tangu mwaka 1949.

Watalii wengi hurudi stesheni baada ya hapo, na twaona wanajinyima. Karibu na hapo yapo makaburi ya Mahao, yaliyochimbwa mwambani enzi ya Han ya Mashariki, karne kadhaa kabla ya Haitong. Katika mojawapo imechongwa sura ndogo ya Buddha aliyeketi, miongoni mwa za kale zaidi nchini China. Mlima Emei, ulioingizwa pamoja na sanamu hii katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1996, uache kwa safari nyingine, maana wahitaji siku zake wenyewe.